JIKO LETU: Hoho Isiozee Kapuni



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa jiko tunaongea juu ya pilipili isiyo kali, yaani pilipili hoho na ndugu zake. Tumeichagua kwa sababu karibu kila mama anainunua, lakini nyingi huishia jalalani kabla ya kufika sufuriani. Mama ananunua fungu la hoho nne. Moja anaikata siku ile ile kwenye mchuzi. Ya pili inatumika nusu. Siku ya nne akifungua mfuko, zilizobaki zimelegea, zina utelezi, na moja imeota ukungu karibu na kikonyo. Anawatupia kuku, na pesa ya matumizi imekwenda kwa kuku.

Sisi wa Mkonze jambo hili linatugusa zaidi. Nchi yetu ya Ugogo ni kavu. Mvua zetu huanza Desemba na kwisha Aprili, na kwa mwaka mzima hazifiki hata milimita 600 kwa wastani. Hoho nyingi tunazozikuta soko la Majengo zimesafiri kutoka mikoa yenye maji, na wakati fulani zinakuwa nyingi na bei nafuu, wakati mwingine zinaadimika hadi mama anauziwa moja moja. Tena tangu mwaka 2016 Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu, kata yetu imejaa nyumba na watu, na wanunuzi wa mboga wameongezeka. Mama anayejua kuitunza hoho wakati wa bei nafuu ndiye atakayekuwa nayo wakati wa bei ya juu.

Tunaongea juu ya pilipili ipi?

Majina ya pilipili yanachanganya. Kamusi za zamani za Kiswahili zinaita pilipili hoho ile nyekundu inayowasha. Leo hapa bara ukisema hoho, muuzaji anakupa ile kubwa, nene, isiyowasha kabisa. Kule Unguja wengi wanaiita pilipili boga. Pia kuna pilipili ndefu ya kijani, ambayo huwasha kidogo au wastani, kisha ndipo wanakuja wakali wenyewe, pilipili mbuzi na pilipili kichaa. Zote ni jamaa moja. Asili yake ni Amerika, na Wareno ndio waliozileta pwani yetu ya Afrika Mashariki baada ya safari za Columbus za mwaka 1492 na kuendelea.

Kinachowasha katika pilipili kinaitwa kapsaisini. Watu wengi wanadhani kinakaa kwenye mbegu. Sivyo. Kinatengenezwa katika ule utando mweupe unaoshika mbegu, na mbegu zinawasha kwa kuwa zinagusana nao. Kwa hiyo mama anayetaka kupunguza ukali wa pilipili ndefu asihangaike kuokota mbegu tu. Aipasue katikati, akwangue utando wote mweupe kwa kijiko, aioshe, na ukali mwingi utakuwa umeondoka.

Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani, Wilbur Scoville, alibuni njia ya kupima ukali wa pilipili. Kwa kipimo chake hoho inapata sifuri. Pilipili aina ya habanero, ambayo ni ya kundi moja na pilipili mbuzi yetu, inapata 100,000 na kuzidi. Ndiyo maana tunasema hoho ni pilipili ya familia nzima. Mtoto aliyeanza kula, bibi mzee na baba ambaye tumbo lake linasumbuliwa na vitu vikali, wote wanaweza kuila kutoka sufuria moja.

Mama anayekata pilipili kali, hasa anayenyonyesha, apake mafuta ya kula mikononi kabla, kisha anawe kwa sabuni mara mbili kabla ya kumshika mtoto au kugusa macho. Kapsaisini haiyeyuki vizuri katika maji bali katika mafuta. Kwa sababu hiyo hiyo, mtoto aliyeungua mdomo kwa pilipili usimpe maji, mpe maziwa.

Kwa nini tuile

Hoho siyo pambo la sahani. Gramu 100 za hoho ya kijani mbichi zina miligramu 80 hivi za vitamini C. Nyekundu ina zaidi ya 120. Chungwa, tunalolisifu sana, lina miligramu 50 hivi kwa uzito huo huo. Mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937, alipata vitamini C kwa wingi kutoka katika pilipili za mji wa Szeged, mahali ambapo watu wanalima pilipili kama sisi tunavyolima karanga.

Faida yake kwa meza ya Kigogo ni hii. Tunakula ugali wa uwele au wa mtama na mlenda, majani ya kunde na mgagani. Vyakula hivi vina madini ya chuma yanayohitajika kutengeneza damu, lakini chuma cha mimea kinaingia mwilini kwa shida. Vitamini C ikiliwa katika mlo ule ule inakisaidia kiingie. Kwa hiyo kachumbari ya hoho mbichi pembeni ya mlenda ni msaada wa kweli kwa mama mjamzito, kwa msichana aliyevunja ungo na kwa mtoto anayekua. Ila vitamini hiyo haipendi moto wa muda mrefu. Ukiichemsha hoho kwa saa nzima ndani ya maharage, umebaki na harufu tu.

Kuchagua sokoni

Chagua hoho ngumu, inayong'aa, nzito mkononi kuliko unavyoitegemea, yenye kikonyo cha kijani. Kikonyo kikiwa cheusi au chenye unyevu, uozo umeshaanza ndani hata kama ngozi ni nzuri. Iliyokunjamana bado inalika leo hii katika mchuzi, lakini usiinunue kwa kuitunza. Hoho nyekundu ni ile ile ya kijani iliyoiva. Ni tamu zaidi, nayo inawahi kuharibika. Kwa hiyo ukinunua zote mbili, anza na nyekundu.

Kuipika

*Kachumbari ya mlenda (watu 6).* Hoho 2, nyanya 3, kitunguu 1, ndimu 1, chumvi kidogo. Osha vyote kwa maji safi na salama, kwa kuwa havipiki. Kata kitunguu vipande vyembamba, kipondeponde na chumvi, kisha kioshe ili ukali upungue. Kata hoho nyembamba, changanya na nyanya, kamulia ndimu. Tayarisha wakati ugali unasongwa, siyo asubuhi, maana hoho iliyokatwa inaendelea kupoteza ubora wake.

*Hoho za karanga (watu 6).* Hoho 4, kitunguu 1, nyanya 2, karanga zilizosagwa kikombe 1, maji vikombe 2, mafuta kijiko 1, chumvi. Kaanga kitunguu kidogo, weka nyanya ziive. Koroga karanga katika maji ya vuguvugu, mimina, na uendelee kukoroga juu ya moto mdogo kwa dakika 15 hadi mafuta ya karanga yaanze kuelea. Sasa weka hoho zilizokatwa vipande vikubwa, funika dakika 5, epua. Hoho iwe bado inakatika kwa meno. Mboga hii inakwenda vizuri na ugali wa mtama, na mwenye njugu mawe zilizochemshwa anaweza kuongeza kikombe kimoja iwe mlo kamili.

*Hoho zilizojazwa (watu 6).* Hiki ni chakula cha Jumapili au cha kumpokea mgeni, na hakihitaji jiko la umeme. Hoho 6 zinazoweza kusimama, nyama ya kusaga robo kilo, wali uliopikwa kikombe 1, kitunguu 1, karoti 1, nyanya 4, mafuta vijiko 2, chumvi. Kata kichwa cha hoho kama kifuniko, toa utando na mbegu. Kaanga kitunguu, weka nyama iive vizuri, kisha karoti iliyokwaruzwa na wali. Jaza hoho, rudisha vifuniko. Saga nyanya, zichemshe na chumvi katika sufuria pana, simamisha hoho zako humo zikiegemeana, funika na uache moto mdogo wa makaa kwa nusu saa. Ukiweka makaa machache juu ya kifuniko, juu nako kutaiva. Asiye na nyama atumie choroko au dengu zilizochemshwa. Nchini Mexico wana pilipili yao ya ukali mdogo, poblano, nao wanaijaza hivi hivi kwa jibini au nyama, kwa hiyo mgeni wako anakula chakula kinachojulikana duniani.

*Hoho ya kubabua.* Weka hoho nzima juu ya makaa, igeuze hadi ngozi iwe nyeusi pande zote. Itie katika bakuli, ifunike dakika 10, kisha menya ngozi kwa vidole. Nyama iliyobaki ni laini na tamu. Iponde na chumvi na ndimu, ni kitoweleo kizuri cha muhogo au viazi vya kuchemsha, na ni laini kwa bibi asiye na meno.

Kuitunza ikiwa mbichi

Sheria ya kwanza ni hii: usiioshe kabla ya kuihifadhi. Maji juu ya ngozi ndiyo yanayoleta utelezi. Ioshe siku ya kuipika. Sheria ya pili, usiifunge katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, itatoa jasho. Sheria ya tatu, usiilaze pamoja na ndizi mbivu au maembe mabivu, maana matunda yanayoiva yanatoa gesi inayoharakisha kuiva na kuoza kwa mboga nyingine.

Mwenye jokofu aiweke chini kabisa, kwenye droo ya mboga, ndani ya mfuko wenye matundu. Itakaa wiki moja hadi mbili. Iliyokatwa iwekwe katika chombo chenye kifuniko na ilike ndani ya siku tatu.

Asiye na jokofu asikate tamaa. Sote tunajua mtungi wa udongo unavyopoza maji. Maji yanapenya kwenye udongo, yanakauka nje, na yanapokauka yanachukua joto. Miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi, alitumia ujuzi huo huo kutunza mboga kwa vyungu viwili, na mwaka 2000 alipewa tuzo ya kimataifa ya Rolex. Njia yake inafaa mahali pakavu penye upepo, na hapo ndipo sisi tulipo.

Chukua chungu kikubwa na kidogo, vyote vya udongo visivyopakwa rangi. Weka mchanga chini ya kile kikubwa, simamisha kidogo ndani yake, jaza mchanga katikati yao. Lowesha mchanga asubuhi na jioni. Panga hoho kavu ndani ya chungu kidogo, funika kwa kitambaa kilicholowa na kukamuliwa. Viweke kivulini penye upepo, juu ya mafiga au kigoda, siyo juani wala ndani ya chumba kisichopitisha hewa. Maji ya kulowesha si lazima yawe ya kunywa. Yale uliyooshea mchele yanatosha. Lakini yasiingie kwenye hoho. Kuanzia Mei hadi Novemba chungu hiki kinafanya kazi nzuri. Wakati wa mvua, hewa ikiwa na unyevu, ubaridi wake unapungua, basi usikitegemee.

Kuikausha

Bibi zetu wa Ugogo hawakuwa na jokofu, lakini hawakukosa mboga kiangazi. Walianika majani ya kunde, mgagani na mlenda wakati wa mvua wakavila hadi mvua nyingine. Hoho inaanikwa kwa ujuzi ule ule, isipokuwa yenyewe ina maji mengi na nyama nene, kwa hiyo inahitaji uangalifu zaidi.

1. Chagua hoho nzima zisizo na doa. Iliyoanza kuoza usiianike ukidhani jua litaiponya.
2. Osha, futa kwa kitambaa safi hadi ikauke. Toa utando na mbegu.
3. Kata vipande vyembamba vya unene wa nusu sentimita, vyote sawa. Kinene kitabaki kibichi ndani wakati chembamba kimekauka, na kibichi kimoja kitaharibu mkebe mzima.
4. Tandaza kwenye ungo au wavu safi bila kubebanisha. Ungo usiwe chini mavumbini. Uinue juu ya meza au vijiti ili hewa ipite chini yake.
5. Funika kwa kitambaa chepesi ili kuzuia inzi na vumbi. Tafadhali usitumie chandarua chenye dawa ya mbu. Dawa ile haifai kugusa chakula.
6. Anika penye upepo na kivuli chepesi kama unaweza, maana jua kali linafifisha rangi na kuharibu vitamini. Geuza mara mbili kwa siku. Ingiza ndani kabla ya jua kuzama, kwa sababu umande wa usiku unarudisha kazi nyuma.

Kiangazi chetu kikavu kinamaliza kazi kwa siku mbili hadi nne hivi. Jaribu kipande kikiwa kimepoa. Kikivunjika kwa mlio, tayari. Kikipinda kama ngozi, bado. Usishangae kuona kimebaki kidogo. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za hoho ni maji, hivyo kilo nzima inakupa chini ya gramu 100. Lakini gramu hizo zinaunga michuzi mingi.

Zikishapoa ziweke katika chupa ya kioo yenye kifuniko, ujaze theluthi mbili tu. Kwa wiki moja itikise kila siku na uitazame. Ukiona ukungu wa maji kwenye kioo, zirudishe kuanika mara moja. Wiki ikipita bila unyevu, weka chupa mahali pakavu penye giza na uandike tarehe. Ni vema zimalizike kabla ya miezi sita.

Kwa matumizi, loweka kiganja kimoja katika maji ya moto kwa dakika 20, kisha tia katika maharage au mchuzi pamoja na maji yake. Au twanga katika kinu safi upate unga mwekundu au wa kijani wa kunyunyizia wali na supu. Twanga kidogo kidogo, harufu ya unga haidumu kama ya vipande. Tukumbuke pia kwamba kuanika kunapoteza sehemu kubwa ya vitamini C. Hoho kavu inatupa ladha na rangi. Vitamini C tutafute katika kachumbari, ndimu na ubuyu.

Ukungu si vumbi

Hapa tunaomba akina mama wote wasome polepole. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata msiba. Watu 68 waliugua, wakiwa na macho ya manjano, kutapika na maumivu ya tumbo, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi waliyokula. Sumukuvu inatengenezwa na ukungu unaoota kwenye chakula ambacho hakikukaushwa vizuri. Mahindi na karanga ndivyo vinavyoongoza, lakini pilipili kavu nayo imo katika orodha ya vyakula vinavyoshambuliwa.

Tunajua jinsi ilivyo ngumu. Umefanya kazi siku nne, umefungua chupa mwezi wa pili, kuna unga mweupe au wa kijani kwenye vipande vichache. Jirani anakwambia, "Wifi, hilo si vumbi tu? Pangusa, anika tena, watoto wale." Anasema hivyo kwa nia njema, maana hakuna mama anayependa kutupa chakula. Lakini sumu hii haionekani kwa macho. Kupangusa ukungu hakuiondoi, kuosha hakuiondoi, na moto wa jikoni hauimalizi. Tena siyo lazima iue kwa siku moja. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka inaharibu ini na inaweza kuleta saratani yake.

Kwa hiyo chupa yenye ukungu inatupwa yote, siyo vipande vilivyoonekana tu. Usiwape kuku, maana sumu inawaathiri nao. Usimpe mbuzi wala ng'ombe wa maziwa, kwa sababu inapita hadi kwenye maziwa ya mtoto. Fukia. Hasara ya chupa moja ya hoho ni ndogo kuliko nauli ya kwenda hospitali, achilia mbali kilio.

Siki ndiyo, mafuta hapana

Njia nyingine ni kuiweka katika siki. Mahitaji: hoho nusu kilo, siki ya dukani vikombe 2 (soma chupa, iwe na asidi asilimia 5), maji kikombe 1, chumvi kijiko 1 cha chakula, sukari vijiko 2, kitunguu saumu punje 3. Chemsha chupa ya kioo na kifuniko chake kwa dakika 10. Kata hoho, zipange ndani. Chemsha siki, maji, chumvi na sukari kwa dakika 5, tia saumu, mimina ikiwa ya moto hadi hoho zifunikwe. Acha ipoe, funga. Baada ya siku tatu inaliwa. Katika jokofu itakaa mwezi mzima bila shida. Asiye na jokofu atengeneze chupa ndogo ya kumaliza ndani ya siku chache. Usipunguze siki ili kubana matumizi, maana siki ndiyo mlinzi. Wala usiweke ndimu mahali pake, kwa sababu ukali wa ndimu hautabiriki.

Kuna desturi inayoenea ya kubabua hoho, kuizamisha katika mafuta ya kula na kuiacha kabatini. Inapendeza kwa macho, lakini ni hatari. Hoho haina uchachu wa kutosha, na mafuta yanazuia hewa. Kuna kijidudu kinachokaa udongoni ambacho kinapenda mahali pa namna hiyo, pasipo hewa wala uchachu, na kinatoa sumu inayopoozesha mwili. Ugonjwa huo unaitwa botulizimu. Mwaka 1977 katika mji wa Pontiac, Michigan, nchini Marekani, watu zaidi ya 50 waliugua baada ya kula mgahawani pilipili zilizofungwa chupani bila utaratibu unaofaa. Chakula chenye sumu hiyo kinaweza kisinuke wala kisibadilike. Basi, hoho ya mafuta iwekwe kwenye jokofu tu, na iliwe ndani ya siku tatu au nne.

Mwenye friza ana njia rahisi kuliko zote. Osha, kausha kwa kitambaa, kata, tandaza kwenye sinia zigande moja moja, kisha tia katika mfuko na utoe hewa. Hoho hazihitaji kuchemshwa kwanza. Zitakuwa laini zikiyeyuka, kwa hiyo ni za mchuzi, si za kachumbari. Umeme ukikatika zikayeyuka kabisa, zipike siku hiyo. Usizigandishe tena.

Tuanze na kidogo

Hatusemi kila mama afanye yote haya. Aliye na chungu aanze na chungu. Aliye na ungo aanze na hoho tano za kiangazi hiki, aone mkono wake unavyozoea, kabla ya kununua sado nzima. Wakifanya akina mama watatu au wanne wa mtaa mmoja kwa pamoja, kazi ya kukata inakwisha upesi na mmoja analinda ungo wakati wengine wameenda shambani. Na wale watakaotaka kuuza hoho kavu wajue kuwa chakula cha kuuza kina taratibu zake. Waulize kwanza ofisi za SIDO na TBS, siyo baada ya kuchapisha lebo.

Tuwafundishe na mabinti zetu. Msichana anayejua kutofautisha kipande kinachovunjika na kinachopinda, na anayethubutu kutupa chupa yenye ukungu hata wifi akinung'unika, atalinda nyumba yake siku moja kama sisi tunavyolinda zetu.

Toleo lijalo tutaongea juu ya ubuyu na namna ya kuutumia katika uji wa watoto. Hadi hapo, tunawatakia jiko lenye moto na kapu lisilooza.